Nani Yuko Nyuma ya Mlango?



Wapendwa vijana wenzangu, mwaka huu wa 2024 kalenda imetuletea jambo lisilotokea mara nyingi: Jumatano ya Majivu imeangukia tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao. Wengine mmeshaniuliza, "Frateri, sasa leo tunafunga au tunatoka na wachumba?" Tunafunga. Ua unaweza kumpelekea, ila ule mlo wa usiku usogezeni mpaka kesho. Mchumba anayekupenda ataelewa.

Tarehe hii ina kumbukumbu nyingine, na nimeibeba moyoni kwa zaidi ya mwezi sasa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, katika nyumba moja jijini Pretoria, Afrika Kusini, mwanariadha Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliokuwa umefungwa. Nyuma ya mlango huo alikuwa Reeva Steenkamp, mpenzi wake, binti wa miaka 29. Alifariki usiku ule ule.

Kwa nini nalirudia jambo la miaka 11 iliyopita? Kwa sababu tarehe 5 Januari mwaka huu Pistorius aliachiwa kwa parole, yaani amalizie adhabu yake nje ya gereza kwa masharti mpaka mwaka 2029. Siku hiyo hiyo kundi letu la WhatsApp la vijana liliwaka moto. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliochochea kuni.

Mliokuwepo mnakumbuka. Kambi ya kwanza ilisema: "Alijua kabisa ni mpenzi wake, waligombana, akammaliza. Basi tu, maarufu na mwenye hela hafungwi." Kambi ya pili ikajibu: "Jamani, mtu hana miguu, ni usiku, ni giza, amesikia kishindo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Akatokea na wa tatu: "Na huyo dada naye alijifungia chooni na simu usiku wa manane anafanya nini?" Hapo watu wakacheka. Mimi, frateri wenu mwenye digrii ya falsafa, niliandika aya sita ndefu kuhusu ushahidi, mashaka na kusudi la mtendaji. Kisha nikaweka kikaragosi cha kucheka chini ya ule utani wa choo. Nikalala nikijiona nimeshinda mjadala.

Wiki mbili baadaye nilikuja kujua kuwa kuna mtu alikuwa anasoma yote yale kimya kimya. Nitarudi kwake. Kwanza tuitazame kesi yenyewe, maana wengi tulibishana juu ya jambo ambalo hatukuwa tumelisoma.

Mimi Pistorius nilimpenda. Agosti 2012, wakati wa Olimpiki ya London, nilikuwa kijana mdogo nimebanana na wenzangu kwenye kibanda cha jirani tulipozoea kuangalia mpira. Tulimwona akikimbia mita 400 kwa miguu ya bandia ya kaboni. Alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa na miezi 11 tu, kwa sababu alizaliwa na kasoro ya mifupa. Akawa mtu wa kwanza aliyekatwa miguu yote miwili kushindana katika riadha za Olimpiki. Kwenye nusu fainali alimaliza wa mwisho, lakini Kirani James wa Grenada, ambaye baadaye alitwaa medali ya dhahabu, alimfuata wakabadilishana vibandiko vya majina vya kifuani. Kibanda kizima kilipiga makofi. Kwa hiyo miezi sita baadaye niliposikia habari ya Pretoria, moyo wangu ulikuwa umeshachagua upande kabla akili haijaanza kufikiri. Naamini wengi wetu ndivyo tunavyofanya. Tunaanza na mtu tunayempenda au tusiyempenda, halafu tunautafuta ushahidi unaotufaa.

Reeva je? Ukweli ni kwamba mpaka mwezi uliopita sikujua lolote juu yake zaidi ya kwamba alikuwa mwanamitindo. Sikujua kwamba alikuwa na shahada ya sheria. Sikujua kwamba siku ile ile aliyokufa alitarajiwa kwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari Johannesburg, juu ya unyanyasaji dhidi ya wanawake. Kwenye aya zangu sita jina lake nililitaja mara moja tu. La Oscar sikulihesabu.

Kesi ilianza Machi 2014 mbele ya Jaji Thokozile Masipa. Ilirushwa mubashara, mpaka chaneli maalum ya televisheni ikafunguliwa kwa ajili yake. Pistorius hakukana kwamba yeye ndiye aliyefyatua risasi. Alisema aliamini Reeva yuko kitandani, na kwamba mle chooni kuna mvamizi. Upande wa mashtaka ukasema hapana, waligombana, na alijua anampiga nani. Zilisomwa mahakamani meseji ambazo Reeva alimwandikia wiki chache kabla, akimwambia kuwa wakati mwingine anamwogopa. Septemba mwaka huo jaji alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akisema haikuthibitika pasipo shaka kwamba alikusudia kumuua Reeva. Oktoba akapewa miaka 5.

Hapo dunia iligawanyika kama kundi letu lilivyogawanyika. Alijua ni Reeva au hakujua? Swali lilikuwa hilo tu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana jambo hili limenigusa kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa huko Bloemfontein ilitengua hukumu ile na kumtia hatiani kwa mauaji. Je, majaji waligundua kwamba alijua ni Reeva? Hapana. Walisema kwamba kwa kosa hilo la mauaji, swali la ni nani hasa aliyekuwa mle ndani halikuwa na uzito tuliolipa. Mtu anayefyatua risasi nne kwenye mlango wa kichumba kidogo, akijua kuna binadamu ndani, ameshaona kwamba binadamu huyo anaweza kufa, na ameendelea hivyo hivyo. Wanasheria wanaliita jambo hilo kwa Kilatini dolus eventualis: hukutamani kifo, lakini ulikiona kinakuja ukakubali kije. Majaji walitoa mfano wa mtu anayelipua bomu kwenye umati. Hajui majina ya watakaokufa. Kutojua majina hakumfanyi asiwe muuaji.

Mwaka 2016 alipewa miaka 6, upande wa mashtaka ukakata rufaa tena, na Novemba 2017 ikawa miaka 13 na miezi 5.

Mnaona tulipokosea? Tulibishana usiku mzima kama vile, ikithibitika kwamba alidhani ni mwizi, basi hakuna kesi. Kana kwamba Mungu aliandika, "Usiue, isipokuwa mwizi." Mafundisho ya Kanisa yanaruhusu mtu kujilinda, na kumlinda aliye chini ya ulinzi wake, tena kwa nguvu inayolingana na hatari. Lakini mtu aliye nyuma ya mlango uliofungwa, ambaye hajakushambulia, hajaonekana, hajasema neno, huyo bado ni mtu. Na hili si la Pretoria peke yake. Mtaani kwetu neno "mwizi!" likipigwa, watu hawaulizi jina. Wanaokota mawe, wengine wanatafuta tairi na petroli. Nimewahi kusikia Wakristo waliotoka Misani wakisimulia jambo kama hilo na kuhitimisha, "alikuwa mwizi bwana." Ndugu zangu, Bwana wetu alisulubiwa katikati ya wanyang'anyi wawili, na mmoja wao ndiye aliyeahidiwa Paradiso siku ile ile.

Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 4. Hii ndiyo kesi ya kwanza ya mauaji katika Biblia, na Hakimu ni Mungu mwenyewe. Angalieni anavyoiendesha. Baada ya Kaini kumuua ndugu yake, swali la kwanza la Mungu ni Habili yuko wapi. Kaini anataka mazungumzo yamhusu yeye: kwani mimi ni mlinzi wake? Mungu anamrudisha kwa marehemu: damu ya ndugu yako inanililia kutoka ardhini. Mahakama ya Mungu inaanza na aliyekufa. Yetu ya WhatsApp ilianza na mwenye medali.

Lakini sura ile haijaishia hapo. Kaini anapewa adhabu, kisha anaogopa kwamba kila atakayemkuta atamuua. Na Mungu anamtia alama ili mtu yeyote asimuue. Kwa hiyo damu ya Habili haifichwi, na uhai wa Kaini hautupwi kwa umati. Sisi tunaweza moja tu kati ya hayo mawili. Tukimlilia Reeva, tunataka Oscar aozee gerezani. Tukimhurumia Oscar, tunaanza kuuliza Reeva alifuata nini chooni. Mungu anaweza yote mawili kwa wakati mmoja, na Kwaresima ni shule ya kujifunza hesabu hiyo.

Sasa niruhusuni nichomekee falsafa kidogo, ile niliyoitumia vibaya siku ile. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba ili hukumu iwe ya haki inahitaji mambo matatu: itoke katika moyo wa haki, itolewe na mwenye mamlaka, na iongozwe na busara, yaani isijengwe juu ya dhana. Pimeni mjadala wetu. Moyo wa haki? Wengi tulitaka kushinda. Mamlaka? Hatukuwa na yoyote. Busara? Tulikuwa na video fupi za kwenye simu na vichwa vya habari. Tumefeli masomo yote matatu. Thomas anaongeza kwamba pale penye shaka tuyatafsiri mambo ya mwenzetu kwa upande ulio mwema, kwa sababu kumdhania mtu vibaya pasipo sababu ya kutosha ni kumdhulumu.

Hapo ndipo nilipoishia kwenye aya zangu sita. Nilijiona nimemaliza. Kumbe sikuwa nimesoma mpaka mwisho. Kwenye makala hiyo hiyo, akijibu hoja, Thomas anasema kwamba tunapotafuta dawa ya uovu, inafaa kuchukulia kwamba hali ni mbaya zaidi, maana dawa inayotosha ubaya mkubwa haiwezi kushindwa na ule mdogo. Kwa lugha yetu ya mtaani: kwenye kumhukumu mtu, mpe nafasi. Kwenye kumlinda mtu, usisubiri uhakika.

Aya hiyo fupi nilikuja kuielewa Jumapili moja mwishoni mwa Januari, baada ya Misa ya pili. Hapa narudi kwa yule mtu niliyewaambia. Nasimulia kwa ruhusa yake, na nimeacha kila kitu kinachoweza kumtambulisha.

Alinikuta nje ya sakristia nikikunja alba. "Tumsifu Yesu Kristo, Frateri."

"Milele amina, dada. Habari za siku?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Frateri, siku ile mlipokuwa mnabishana habari za yule mkimbiaji, nilitaka kuandika kitu kwenye grupu. Nilishakiandika kabisa. Nikaona mnacheka, nikafuta."

Nilimuuliza alitaka kuandika nini. Akasema, "Nilitaka kuuliza, mtu ukiwa unamwogopa mpenzi wako, unajuaje kama ni hasira za kawaida au ni hatari?"

Halafu akasimulia. Simu yake kukaguliwa kila jioni. Kusubiriwa nje ya kazini bila miadi. Mara moja mkono kubanwa mpaka ukabaki na alama. Na kila mara baada ya hapo, maua na machozi. "Kila mtu anamsifia, Frateri. Hata hapa parokiani. Nani ataniamini?"

Ndugu zangu, nilijisikia kama niliyesimama upande usiofaa wa mlango. Binti huyu alikuwa ndani, amejifungia, na sisi nje tulikuwa tunacheka. Kikaragosi changu cha kucheka kilikuwa jibu alilolipata kabla hajauliza swali.

Na lile shauri langu zuri la kumpa kila mtu nafasi? Lingeweza kumuua. Ningeweza kumwambia, "Dada, tusimhukumu kijana wa watu, sali, vumilia, atabadilika." Maneno hayo tunayasema sana makanisani na yanasikika ya kitakatifu. Namshukuru Mungu kwamba siku ile mdomo wangu ulikuwa mzito. Nilimwambia tu, "Nakuamini." Kisha nikamwambia kwamba mimi si padre bado na hii si kitubio, kwa hiyo akiniruhusu twende kwa watu wanaojua zaidi yangu. Tulienda kwa sista mmoja na mama mlezi wa vijana. Mama huyo ndiye aliyempeleka Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Sasa anaishi kwa shangazi yake. Yule kijana sikumhukumu. Sijui moyo wake, na nimemwombea kila siku tangu hapo. Lakini mlango ulifunguliwa mapema, mtu akiwa bado mzima ndani yake.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Oktoba 2021 huko Iten, Kenya, Agnes Tirop, aliyeshinda medali ya shaba ya dunia ya mita 10,000 mara mbili, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 25. Mume wake alishtakiwa kwa mauaji, naye alikana mashtaka. Hatuna kazi ya kumhukumu, mahakama ipo. Ila wanariadha wenzake Agnes hawakukaa kubishana. Walianzisha kikundi cha kusaidia wanawake wanaoteswa majumbani, wakakipa jina lake. Na tarehe 27 ya mwezi uliopita wanawake wa Kenya walijaza barabara za Nairobi na miji mingine kudai mauaji haya yakome. Kwenye grupu letu sikuona aliyelitaja.

Nimalizie na mama mmoja, June Steenkamp, mzazi wa Reeva. Bodi ya parole ilipokutana Novemba mwaka jana, alipeleka maneno yake. Alisema alishamsamehe Oscar siku nyingi, kwa sababu asingeweza kuishi akiwa ameng'ang'ania hasira. Hakupinga aachiwe. Na katika maneno hayo hayo alisema wazi kwamba hiyo hadithi ya mvamizi haiamini. Baba yake Reeva, Barry, mwaka 2022 alikubali kukutana na Oscar uso kwa uso. Alifariki mwaka jana. Oscar alipotoka Januari, mama huyu alisema kwa uchungu kwamba wanaotumikia kifungo cha maisha ni wao waliobaki.

Someni tena hapo. Amesamehe, na bado anasema kile anachoamini kuwa kweli. Hakuugeuza msamaha kuwa blanketi la kufunika jeneza. Wala hakuugeuza ukweli kuwa jiwe la kumtupia mtu. Kambi zetu zote mbili zilikuwa na siku nzima ya kubishana na hatukufika alipofika mama huyu mwenye maumivu kuliko sisi sote.

Injili ya leo, Mathayo sura ya 6, inazungumzia mlango pia. Yesu anatuambia tuingie chumbani, tufunge mlango, tusali kwa Baba aonaye sirini. Sikuwahi kuutafakari mlango huo kwa namna hii. Mungu anaona nyuma ya kila mlango uliofungwa. Alimwona Reeva mle ndani, katika dakika zake za mwisho, wakati hakuna mwingine aliyemwona. Alimwona Oscar nje na silaha mkononi, na peke yake anajua kwa hakika kilichokuwa moyoni mwake. Anamwona binti anayefuta meseji yake kabla ya kuituma. Na ananiona mimi na simu yangu, nikicheka.

Kwa hiyo Kwaresima hii nawaomba mambo matatu, na mimi ninaanza nayo.

Kwanza, tufunge kuhukumu mitandaoni. Ikija kesi yoyote, ya msanii, mchezaji, mwanasiasa au jirani, kabla ya kuandika neno jiulize: marehemu nimemjua jina? Nimemwombea? Kama bado, weka simu chini umwombee kwanza.

Pili, dada au kaka akikuambia anaogopa, mwamini kiasi cha kuchukua hatua. Usimpe mstari wa Biblia ukaondoka. Msindikize kwa mtu mzima mwenye busara, na kama kuna hatari, kwa vyombo vya sheria.

Tatu, hili ni letu sisi wavulana. Kama mpenzi wako anakuogopa, usijisifu kwamba anakuheshimu. Nenda kwenye kitubio, na nenda pia kwa mtu atakayekusaidia kuitibu hasira yako, sasa, kabla haijapata mlango wa kuupiga.

Jioni ya leo utapakwa majivu kwenye paji la uso. Kaini naye alitiwa alama. Ukirudi nyumbani, kabla ya kunawa, jitazame kwenye kioo na ukumbuke kwamba wewe ni mavumbi yaliyohurumiwa, na kila uliye na neno juu yake ni mavumbi hayo hayo.

Tusali: Ee Baba uonaye sirini, uwape raha ya milele Reeva, Agnes na wote waliouawa na mikono waliyoiamini. Uwafariji wazazi wao. Umjalie Oscar, na kila aliyemwaga damu, toba ya kweli. Uwafungulie mlango wote wanaoishi kwa hofu usiku huu, na utupe masikio ya kusikia wanapobisha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Kwaresima njema. Mniombee nami.

Frateri wenu, mwaka wa uchungaji.